Mdudu, mwili na dawa: nani anafanya nini kwa mgonjwa?

Wanafunzi wa uuguzi hapa Uganda husoma ugonjwa kwa vipande. Somo la vijidudu lina daftari lake, somo la kinga lina lake, patholojia, yaani somo la namna ugonjwa unavyouharibu mwili, ina lake, na famakolojia, ambayo wengi huiogopa kuliko yote, ina daftari nene la majina na dozi. Mtihani ukishapita, madaftari hufungwa. Kisha mwanafunzi anaingia wodi ya watoto, anakuta mtoto wa miaka mitatu mwenye joto la nyuzi 39.5, na mama yake anauliza: "Sista, mtoto amepewa dawa tangu asubuhi, mbona bado anachemka?" Hakuna daftari hata moja linalojibu swali hilo peke yake. Jibu limegawanyika katika yote manne.

Kwa mgonjwa yeyote mwenye maambukizi kuna wahusika watatu: mdudu, mwili na dawa. Kinachotuchanganya ni kudhani kwamba kila dalili tunayoiona imeletwa na mdudu. Dalili nyingi huletwa na mwili wenyewe, ukijibu uvamizi. Muuguzi akilielewa hilo, anajua dalili ipi ya kuituliza, ipi ya kuifuatilia, na ipi ni ya kumkimbilia daktari.

Kwenye tundu la kanula

Tuanze na kitu kidogo ambacho kila mwanafunzi amekiona: mkono uliowekwa kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, juzi, na leo mgonjwa anaukunja uso ukiugusa. Bakteria wachache wa ngozini wamepita kwenye tundu la sindano. Chini ya ngozi kuna seli za ulinzi ziitwazo makrofaji, ambazo haziulizi jina la mdudu. Zinatambua tu kwamba hiki si changu. Zinatoa kemikali za kuita msaada. Mishipa midogo ya damu inapanuka, damu nyingi inafika pale, ndiyo maana pana joto na wekundu. Kuta za mishipa hiyo zinaachia nafasi, maji yanavuja kwenda kwenye nyama, ndiyo uvimbe. Kemikali zilezile zinachokoza neva, ndiyo maumivu. Neutrofili, aina ya chembe nyeupe za ulinzi, zinatoka kwenye damu, zinameza bakteria na kufa kwa wingi. Mabaki yao pamoja na bakteria waliokufa ndiyo usaha. Bakteria ndiye aliyeanzisha, lakini joto, uvimbe na usaha ni kazi ya mwili.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vyetu, vilivyoandikwa zaidi kwa ajili ya ngozi nyeupe, havilisemi vya kutosha. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Unaweza kuona weusi uliozidi kidogo, rangi ya zambarau, au usione tofauti yoyote. Ukisubiri wekundu uonekane ndipo uitoe kanula, utachelewa. Weka mgongo wa mkono wako pale, kisha uweke mahali hapohapo kwenye mkono wa pili wa mgonjwa, ulinganishe joto. Bonyeza taratibu kufuata mshipa uone kama umekuwa mgumu kama kamba. Angalia kama ngozi inang'aa kwa kuvutwa. Muulize mgonjwa. Ningependa hili lifundishwe siku ileile mwanafunzi anapofundishwa kuweka kanula.

Uvamizi ukiwa mkubwa, zile kemikali haziishii mkononi. Zinasafiri na damu hadi kwenye ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, ambako kiwango cha joto la mwili hupangwa. Huko hutengenezwa prostaglandini, na kiwango kinapandishwa, tuseme kutoka nyuzi 37 hadi 39. Sasa mwili unaliona lile joto la 37 kuwa ni baridi. Ndiyo maana mgonjwa wa malaria anatetemeka na kuomba blanketi huku kipimajoto kikipanda. Parasetamoli huzuia prostaglandini, kiwango kinarudishwa chini, mgonjwa anatoka jasho na kupata nafuu. Vimelea havijaguswa. Mtoto aliyepoa kwa parasetamoli anaweza kuwa anazidiwa kimyakimya, kwa hiyo usimwandikie "anaendelea vizuri" kwa kuangalia kipimajoto peke yake.

Ndani ya damu ya mtoto wa malaria

Mtoto yule aliumwa na mbu jike aina ya Anofelesi wiki moja au mbili zilizopita. Vimelea vilivyoingia na mate ya mbu vilifika kwenye ini haraka, vikazaliana humo kwa siku kadhaa bila mtoto kuhisi lolote, kisha vikatoka kwa maelfu na kuingia kwenye chembe nyekundu za damu. Plasmodium falciparum, anayesababisha sehemu kubwa kabisa ya malaria ya Uganda, hukomaa ndani ya chembe kwa muda wa saa 48 hivi. Chembe inapasuka, taka zinamwagika kwenye damu, seli za ulinzi zinaitikia, homa inapanda. Vimelea vipya vinatafuta chembe nyingine na mzunguko unaanza upya.

Homa hiyo humtesa mtoto, lakini hatari kubwa iko kwingine. Falciparum anapokomaa huweka juu ya chembe nyekundu protini inayonata. Chembe hizo hugandamana na kuta za mishipa midogo, hivyo hazipiti kwenye bandama ambako zingechujwa. Zikiziba mishipa ya ubongo, mtoto anapata degedege na kupoteza fahamu. Chembe zinazopasuka zinaacha upungufu wa damu. Vimelea vinatumia sukari nyingi, ini linashindwa kutengeneza nyingine, na mtoto hajala tangu jana, sukari inaanguka. Kwa sababu hiyo mtoto wa degedege apimwe sukari mara moja, hata kama kipimo cha malaria kimeshasoma chanya. Sukari iliyoshuka huua kwa dakika, na tiba yake ni glukosi iliyo kabatini.

Sasa mama anaweza kujibiwa kwa ukweli: "Mama, dawa imeanza kuua wadudu, lakini uchafu wao bado umo kwenye damu, na mwili wa mtoto unapigana nao. Joto linaweza kuendelea siku moja au mbili. Sisi tunamwangalia kama anakujua, anakunywa, anapumua vizuri na anakojoa. Ukiona kimojawapo kimebadilika, niite." Mama akiambiwa hivyo haondoki usiku kwenda kutafuta dawa nyingine mtaani.

Dawa yenyewe kwa malaria kali ni sindano ya artesuneti. Kwa miaka mingi tulitumia kwinini. Utafiti wa AQUAMAT uliochapishwa mwaka 2010 ulihusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Uganda ikiwemo: waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Sababu iko kwenye ule mzunguko wa saa 48. Artesuneti huua hata vimelea vichanga, kabla havijafikia umri wa kunata kwenye mishipa, ilhali kwinini hufanya kazi zaidi kwa vilivyokomaa. Dozi hutolewa saa ya kwanza, ya 12 na ya 24, kisha mara moja kwa siku mpaka mgonjwa aweze kumeza. Mtoto mwenye uzito chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo, mwenye kilo 20 au zaidi miligramu 2.4 kwa kilo. Wanafunzi hushangaa kuona mdogo akipewa zaidi kwa kila kilo. Ni kwa sababu mwili wa mtoto mdogo unaiondoa dawa haraka zaidi.

Kwa nini baba hajaugua?

Baba wa mtoto yule analala nyumba moja na mbu walewale. Ukimpima unaweza kukuta vimelea, naye anakwenda shamba kama kawaida. Ile protini inayonata ina jeni zipatazo 60, na kimelea hubadilisha anayoitumia kila kingamwili, yaani protini za kinga zinazomnasa mvamizi, zinapoanza kuitambua. Kila mara mtu anapougua, mwili wake unajifunza sura chache tu, kwa hiyo kinga ya malaria huchukua miaka kujengeka, na haimzuii kimelea kuingia. Inazuia ugonjwa mkali. Mtu akihama na kuishi mahali pasipo malaria kwa muda mrefu, inapungua. Ndiyo maana katika nyanda za juu za Kigezi, ambako mbu ni wachache, mlipuko ukitokea hata watu wazima wanalala kitandani, wakati wenzao wa Lango, kaskazini, ambako malaria ni ya kila mara, wameshazoea.

Mama mjamzito ni habari nyingine. Kondo la nyuma linampa kimelea mahali papya pa kunata, kwa sura ambayo mwili wa mama haujawahi kuiona, hasa katika mimba ya kwanza. Kinga yake ya miaka ishirini haimsaidii hapo. Kwa hiyo kliniki humpa Fansidar, dawa ya kuzuia malaria. Hutolewa kuanzia muhula wa pili na kurudiwa katika mahudhurio yanayofuata, kwa nafasi ya angalau mwezi mmoja, na kazi yake ni kulinda lile kondo.

Chanjo ya R21, ambayo Uganda iliizindua wilayani Apac mwezi Aprili 2025, humlenga kimelea kabla hajaingia kwenye ini. Watoto huipata wakiwa na miezi 6, 7, 8 na 18. Kimelea akishapenya hadi kwenye damu, kingamwili za chanjo hiyo hazimwoni tena. Mzazi akiuliza kama sasa anaweza kuacha chandarua, unajua cha kumjibu, na unajua sababu.

Kuna kinga nyingine ya kuzaliwa nayo. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta watoto 13 hivi katika kila 100 Uganda wana jeni moja ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu, na jeni hiyo moja hupunguza sana hatari ya malaria kali. Anayerithi jeni mbili ni mgonjwa. Bandama lake huharibika mapema, na bandama ndilo linalochuja bakteria wenye ganda kama nimokoka. Ile penisilini ndogo anayomeza mtoto wa selimundu kila siku mpaka miaka mitano inafanya sehemu ya kazi ya bandama. Ukilijua hilo, hutamwambia mama kwamba anaweza kuacha kwa sababu mtoto haumwi.

Mtu anayetaka kuona wahusika wote wakikutana kwenye ugonjwa mmoja aangalie kilichotokea hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto mwenye uvimbe kwenye taya, pande zote. Muda mfupi baadaye akaona mwingine Jinja. Mwaka 1958 akaandika kuhusu ugonjwa huo, saratani ambayo leo inaitwa kwa jina lake, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakasafiri kwa gari katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika wakiuliza hospitali kwa hospitali nani ameuona. Ramani iliyopatikana ilifuata joto na mvua, karibu sawa na ramani ya malaria. Mwaka 1964, London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikuta virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Virusi vya Epstein-Barr viko duniani kote na wengi wetu tunavyo bila madhara. Huku kwetu malaria ya kila mara huzichokoza seli B, zile seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, zizaliane ovyo na kudhoofisha ulinzi unaovidhibiti virusi hivyo, na katika kuzaliana huko kosa la jeni linaweza kutokea. Mbu peke yake haleti saratani, wala virusi peke yake. Na uvimbe huo ukiwahiwa hunywea kwa dawa, jambo lililoonyeshwa hapahapa Uganda wakati wengi duniani waliamini saratani hutibiwa kwa kisu au mionzi tu.

Kinga ina jina la adui wake

Makrofaji haziulizi jina. Seli B na T huuliza, tena kwa makini. Hutumia siku kadhaa kumtambua mvamizi mpya, kisha hubaki na kumbukumbu, na chanjo hutengeneza kumbukumbu hiyo bila mtu kuugua. Umakini huo una gharama. Ebola iliyozuka Gulu mwaka 2000, iliyomchukua Dk. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor pamoja na wauguzi kadhaa, ilikuwa ya aina ya Sudan. Ya Mubende mwaka 2022 ilikuwa aina hiyohiyo. Chanjo ya Ervebo ilikuwepo tayari, imethibitishwa, lakini ni ya aina ya Zaire, na kinga yake haikutarajiwa kuizuia aina ya Sudan. Watu walilalamika kwamba Uganda imenyimwa chanjo. Tatizo lilikuwa kwamba chanjo iliyothibitishwa ya mdudu huyo haikuwepo. Kilichobaki ni kuukata mnyororo: kumtenga mgonjwa, glavu, maji na sabuni, mazishi salama. Mwezi Januari 2025 aina hiyo iliporudi, mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa muuguzi wa Kampala.

Kinga ya kupewa tayari haina kumbukumbu. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo na kumlinda mtoto kwa miezi kadhaa, ndiyo sababu mama huchanjwa pepopunda akiwa mjamzito, na sababu moja ya chanjo ya surua kungoja miezi tisa: zile za mama zingeizima mapema. Maziwa ya kwanza ya njano yana kingamwili za kulinda utumbo. Yasikamuliwe na kumwagwa.

Ushahidi mzito zaidi kwamba dalili ni za mwili uko kwa wagonjwa wa VVU wenye kifua kikuu. Mapango tunayoyaona kwenye picha ya mapafu huchimbwa na mwitikio wa kinga. Mgonjwa ambaye CD4 zake, yaani seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU, zimekwisha anaweza kuwa na bakteria tele na picha inayokaribia kuwa safi, na makohozi yasioneshe kitu. Anaanza dawa za VVU, kinga inaamka, na wiki chache baadaye homa inapanda na tezi zinavimba. Ndugu wanasema dawa zinamuua. Mara nyingi ni kinga iliyorudi na kumkuta adui aliyekuwa amejificha. Asiziache dawa mwenyewe. Aonwe na daktari haraka.

Dawa inaua nini, na kwa muda gani

Dawa nzuri hugusa kitu alicho nacho mdudu na sisi hatuna. Penisilini na seftriaksoni huvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Seli zetu hazina ukuta huo. Virusi navyo havina, kwa hiyo kumpa mwenye mafua sindano ya seftriaksoni ni kuwaua bakteria wema wa tumboni na kuwaacha wasugu watawale. Usugu hauzuki kwa sababu mwili umezoea dawa, kama watu wasemavyo. Kati ya mamilioni ya bakteria, wachache huwa tayari na mabadiliko ya jeni. Dawa huwaondoa wengine na kuwaachia nafasi.

Jambo la saa ndilo ningependa kila mwanafunzi alishike. Penisilini ya sindano hupungua nusu kwenye damu ndani ya nusu saa hivi, na huua kwa kadiri ya muda inaokaa juu ya kiwango kinachotakiwa. Dozi ya saa sita usiku ikirukwa kwa sababu mgonjwa amelala, bakteria wamepata karibu usiku mzima wa kuzaliana. Jentamisini ni kinyume: huua kwa wingi wake wa mara moja, ndiyo maana hutolewa mara moja kwa siku, na kuirundika huumiza figo na masikio. Dawa huweza pia kuharibiana. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huamsha vimeng'enya vya ini vinavyomaliza upesi dolutegraviri, dawa ya VVU, kwa hiyo mgonjwa mwenye magonjwa yote mawili humeza dolutegraviri miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja.

Coartem, vidonge vya malaria, ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Artemeta huua kwa kasi na kutoweka ndani ya saa chache. Lumefantrini hukaa siku kadhaa ikimalizia waliobaki, na huhitaji mafuta ili ifyonzwe, kwa hiyo imezwe na maziwa au chakula. Dozi ya kwanza ikiwa saa nne asubuhi, ya pili ni saa kumi na mbili jioni, kisha saa nne asubuhi na saa nne usiku kwa siku mbili. Mwaka 2021 ulichapishwa ushahidi kutoka Gulu kwamba baadhi ya vimelea huondoka kwenye damu polepole hata baada ya artesuneti, vikiwa na mabadiliko kwenye jeni ya kelch13. Mzigo sasa unaielemea lumefantrini. Mgonjwa anayekatisha dozi siku ya pili kwa sababu amepata nafuu anaiacha peke yake, tena ikiwa pungufu.

Mtoto akitoka wodini baada ya artesuneti, amalize dozi kamili ya siku tatu ya vidonge. Mwambie mama kwamba kile kipimo cha haraka kinaweza kusoma chanya kwa wiki kadhaa, kwa sababu kinashika protini ya vimelea vilivyokwisha kufa, kwa hiyo duka la dawa lisimwuzie tiba nyingine kwa kipimo hicho. Na mwambie jambo la mwisho: kati ya wiki ya kwanza na ya nne, chembe nyekundu zilizopitiwa na vimelea zinaweza kuvunjika zote kwa pamoja. Viganja vikipauka, macho yakiwa ya manjano au mkojo ukiwa na rangi ya kahawa, amrudishe siku hiyohiyo apimwe damu.